Mchumba Aliyekuja na Kundi

Chizuru aliliona basi likikunja kona ya benki, akajikuta ameishika barakoa yake kwa mikono miwili kana kwamba uso mzima ungedondoka.

Alikuwa amesimama pale kando ya kidimbwi cha maji moto ya chemchemi, wanakoloweka miguu wapita njia wa Ureshino, mji mdogo wa Japani, tangu maduka yakiwa bado yamefungwa. Nywele alikuwa amezichana, akazifumua, akazichana tena kwenye kioo cha pikapu ya baba yake. Sasa basi lilisimama, mlango ukafunguka, na miguu yake ikakataa kwenda popote.

Alishuka kwanza mwanamke mfupi mwenye kibendera cha njano. Nyuma yake wakafuata wamama, kofia pana, pochi tumboni, wote barakoa nyeupe, wote wakiongea Kikorea kwa mpigo mmoja. Walikuwa wauza mboga wa soko moja la Daegu, Korea, na walikuwa wakibishana kama maji yale yanatibu magoti au mgongo. Mwisho kabisa, akiinamisha kichwa asigonge mlango, alishuka Inho.

Chizuru alikuwa amesahau kwamba ni mrefu hivyo. Zaidi ya miaka miwili alikuwa amemwona kwenye simu tu, kichwa na mabega, na simu haikuwahi kumwambia kitu kuhusu urefu. Haikumwambia pia jinsi alivyokuwa anatembea, taratibu, kama mtu anayepita chumba alimolala mtoto.

Inho alimwona. Akasimama. Wamama nao wakasimama, na kelele zote zikakatika kama redio iliyozimwa.

"Umekonda," alisema Chizuru kwa Kikorea. Alikuwa amejiandalia maneno mengine kabisa.

"Na wewe umeungua jua."

"Ni shamba la baba. Chai haina mwavuli."

Inho akacheka, na macho yake juu ya ile barakoa yakawa yale yale, yaliyokunjana pembeni. Chizuru akapiga hatua moja mbele. Inho hakusogea, lakini mikono yake ilitoka mifukoni, ikarudi, ikatoka tena.

"Bi Maeng amesema tusigusane na wenyeji," alisema kwa sauti ya chini.

"Mimi ndiye mwenyeji?"

"Kwa leo, ndiyo. Nisamehe."

Bi Maeng, yule mwongozaji mwenye kibendera, alijifanya anahesabu watu wake. Alikuwa ameshajua kila kitu. Basi zima lilikuwa linajua.

Mapenzi ya Chizuru na Inho yalianzia Daegu, Chizuru alipokuwa anafanya kazi kwenye duka la chai na lifti ya jengo lao ikawa inaharibika kila wiki. Fundi wa lifti alikuwa Inho. Baadaye alikiri kwamba mara mbili za mwisho lifti haikuwa na tatizo lolote. Kisha mama yake Chizuru akatakiwa kufanyiwa upasuaji, Chizuru akarudi nyumbani kumuuguza, na kabla mshono haujapona, ugonjwa wa korona ulikuwa umefunga kila mpaka. Mke angeruhusiwa kuingia. Mume angeruhusiwa. Mpenzi alihesabiwa mtalii, na watalii hawakutakiwa.

Waliishi kwa simu. Inho alianza kujifunza Kijapani kwa ajili ya siku atakayosimama mbele ya baba mkwe. Lakini baba mkwe mwenyewe, Mzee Iwanaga, hakuwa mtu wa kungoja. "Mwanamume anayekutaka aje asimame mlangoni kwangu," alimwambia binti yake. "Simu haina miguu. Tena fundi wa lifti. Huku kwetu hata ghorofa ya tatu hakuna." Dada yake mama akaingilia, akamtafuta daktari wa meno wa mji jirani wa Takeo, mtu mpole aliyefiwa na mke, na familia mbili zikapanga kukutana Jumapili kwa chakula cha mchana. Chizuru alisema sawa. Alisema sawa siku aliyokuwa amechoka sana, na neno likishatoka mbele ya mama mkubwa na wazazi halirudi kirahisi.

Ndipo Japani ilipoufungua mlango kidogo, kiangazi cha mwaka 2022. Mtalii aingie, lakini ndani ya kundi, pamoja na mwongozaji, tangu kushuka ndege hadi kupanda ndege. Apimwe kabla ya safari, awe na bima na kibali, avae barakoa, akae kiti kile kile ndani ya basi, asiachane na wenzake hata kidogo. Inho alitafuta safari inayopita Ureshino. Ilikuwepo moja tu, ya chama cha wamama wauza mboga, nayo ilikuwa imejaa. Akaweka jina la akiba. Wiki moja kabla, mama mmoja akateleza bafuni akavunjika mguu, na Inho akapata kiti kati ya muuza figili na muuza vitunguu saumu.

Sasa alikuwa hapa, na basi lilikuwa limepewa nafasi ya watu kuloweka miguu tu, kisha liendelee na safari.

"Twende," alisema Chizuru.

"Wapi?"

"Nyumbani. Gari lile pale. Baba yuko kwenye kiwanda chake cha chai hapo hapo nyumbani, mama amepika. Ni hapo juu ya kilima, hata usingizi haukupati njiani. Utasimama mlangoni, atakuona, basi. Nitakurudisha kabla hawa mama hawajakausha vidole."

Inho aliitazama ile pikapu nyeupe. Chizuru aliyaona macho yake yakipanda barabara ya kilima, mpaka juu yalipoanzia mashamba ya chai, yakabaki huko muda mrefu.

"Siwezi," alisema.

"Huwezi nini?"

"Kuliacha kundi."

Chizuru alidhani anatania. Akangoja cheko. Halikuja.

"Inho. Jumapili natakiwa kukaa meza moja na mwanamume mwingine. Baba alisema uje mlangoni. Mlango ndio ule. Umevuka bahari nzima, halafu unashindwa na kilima?"

"Nimeshindwa na sahihi."

"Sahihi gani?"

"Ya Bi Maeng. Ametia sahihi kwa kila mmoja wetu kwamba hatatupoteza machoni. Nikitoka mimi hata kidogo, ikajulikana, kampuni yao inafutiwa kibali na yeye ndiye wa kwanza kufukuzwa." Alizungumza polepole, kama anayepanga vyombo vya kuvunjika. "Mipaka ilipofungwa, alipoteza kazi. Miaka miwili alikuwa anapakia mizigo kwenye ghala, zamu ya alfajiri. Hii ni safari yake ya kwanza tangu hapo. Jana aliposhika kibendera uwanja wa ndege mkono ulikuwa unamtetemeka, nilimwona."

"Kwa hiyo yeye ndiye uliyemfuata?"

"Chizuru."

"Nauliza. Maana mimi pia mkono ulinitetemeka, asubuhi hii. Hukuniona."

Inho aliinamisha uso. Aliponyanyua, macho yake yalikuwa mekundu, lakini sauti haikuyumba. "Nimeota kilima hiki mpaka nimekichoka. Hakuna kitu ninachokitaka kuliko kupanda gari lile. Ila siwezi kuanza maisha na wewe kwa kumharibia mtu mwingine ya kwake. Kila tukikumbuka siku ya leo tutamkumbuka na yeye."

Kama angesema kwa ukali, Chizuru angejua la kumjibu. Alivyosema kwa upole, hasira yake ilikosa mahali pa kukaa, na chini ya hasira akahisi kitu kingine kikipanda, kitu ambacho hakukitaka wakati huo. Alikuwa anamheshimu. Hilo lilimuuma zaidi.

"Basi loweka miguu," alisema, akageuka kwenda kwenye gari.

"Wewe binti," sauti ya kike ilimwita nyuma yake. "Hebu subiri kwanza."

Alikuwa mama mmoja mnene, suruali ameikunja mpaka magotini, miguu ndani ya maji, myekundu kama kamba waliochemshwa. Wenzake walimwita Mama Pyo, na ilionekana wazi kwamba huko sokoni yeye ndiye anayepanga bei.

"Tumesikia yote," alisema. "Tusamehe, lakini masikio hayana barakoa. Huyu kijana tangu uwanja wa ndege kule Incheon anasoma kidaftari chake cha Kijapani, anasema peke yake kama kichaa. Tumemlisha mayai ya kuchemsha hatujamwona hata anayemwoa. Sasa mnagombana kwa nini?"

"Kwa sababu hawezi kuja kwetu, mama."

"Nani kasema?"

"Sheria."

"Sheria inasema asituache sisi." Mama Pyo alitoa mguu mmoja majini, akaufuta. "Nimesikia ikisomwa uwanja wa ndege, kwenye basi, na hotelini. Sijasikia mahali inasema sisi tusimfuate yeye. Bi Maeng. Baada ya hapa tunakwenda wapi?"

Bi Maeng alikuwa amesimama na kibendera chake kifuani. "Duka la vipodozi, mama."

"Nani anataka vipodozi?"

Hakuna aliyetaka. Mmoja alitaka, lakini jirani yake alimfinya.

"Huyu binti kwao wana shamba la chai. Mimi maisha yangu yote nimekunywa chai sijawahi kuona inavyoota. Watalii hawaruhusiwi kuona chai?"

Bi Maeng alimtazama Inho. Chizuru akaona kwamba yeye naye alikuwa amesikia ile habari ya ghala na mkono. Kisha akamgeukia Chizuru na kuuliza kama karani, haraka haraka: baraza la nyumba liko wazi, hewa inapita? Kuna vitakasa mikono? Kuna choo cha wageni? Watu wa nyumbani ni wazima? Chizuru alijibu ndiyo, ndiyo, ndiyo. Bi Maeng akapiga simu kampuni, akaenda mpaka ukingoni mwa barabara, akarudi, akaenda tena. Wamama walimtazama kama wanaosubiri majibu ya kipimo.

"Wamekubali," alisema hatimaye. "Duka la vipodozi limeondolewa. Tumeandika shamba la chai. Kila mtu kiti chake kile kile, tafadhali."

 Inho aliziba macho kwa kiganja kwa kitambo, kisha akaenda kumshika mkono mama mmoja mwenye magoti mabovu, akampandisha ngazi za basi.

Mzee Iwanaga alikuwa kwenye kizingiti cha kiwanda chake akisafisha kisu cha mashine ya kuchumia majani. Aliona kwanza pikapu yake ikija mbio kupita kawaida. Halafu akaona nyuma yake basi zima likijibana kwenye njia ya shamba, matawi yakilikwaruza huku na huku. Alisimama akiwa bado ameshika kisu.

"Baba," Chizuru alisema akiruka chini, "Inho amekuja."

"Kwa basi?"

"Kwa basi."

Wamama walishuka mmoja mmoja, kila mmoja akimwinamia mzee. Naye, mtu wa adabu zake, ilibidi amwinamie kila mmoja, na kisu mkononi. Alipofika Inho, mzee alikuwa ameshachoka shingo. Bi Fumie, mama yake Chizuru, alichungulia kutoka jikoni, akaona umati, akarudi haraka kutafuta vikombe.

Inho aliinama mpaka mgongo ukalala sawa kama meza. Alitoa maneno yake ya Kijapani, yale aliyoyafanyia mazoezi miaka miwili, kila neno amelishika kama kikombe kilichojaa. Alijitaja jina na kazi. Alisema anaomba radhi kwa kuchelewa. Alisema anampenda Chizuru na amekuja kusimama mlangoni, kama mzee alivyotaka.

"Kwa nini hukuja peke yako?" aliuliza Mzee Iwanaga.

"Siruhusiwi."

"Na kama ningekataa kundi lote hili?"

Inho alitafuta maneno. "Ningebaki ndani ya basi. Ningeinama dirishani."

 Mzee akaweka kisu chini, akaashiria kwa kidevu upande wa shamba. "Njoo tuongee. Wanaume wawili."

Inho hakutoka pale aliposimama. Alimgeukia Bi Maeng. Uso wa mzee ulianza kukunjamana.

"Mpaka pale kwenye nguzo ya umeme," alisema Bi Maeng, "nitakuwa nawaona."

Walikwenda mpaka kwenye nguzo.

Chizuru alibaki na birika mkononi. Wamama walikuwa wamejipanga barazani, kila mmoja na nafasi yake, wamegeuzia nyuso zote shambani kama watu walio kwenye tamasha. Chai ya kijani ilikuwa inafuka mbele yao. Hakuna sauti iliyofika kutoka kwenye nguzo, migongo tu miwili, mmoja mrefu na mmoja mfupi, katikati ya matuta ya majani.

"Ameinama," alisema Mama Pyo.

"Ameinama tena," alisema mwenzake. "Huyu mgongo utamkatika."

"Mzee anasema nini?"

"Mzee hasemi. Anang'oa magugu."

"Sasa anasema. Anaonyesha nyumba. Anaonyesha huku kwetu."

"Kijana anatikisa kichwa. Anakataa kitu." Mama Pyo alishusha kikombe. "Anakataa nini huyu mpumbavu? Leo si siku ya kukataa."

Chizuru alimwona. Inho alikuwa anatikisa kichwa, anainama, anatikisa kichwa tena. Baba yake alisogea karibu naye, akasema kitu kwa nguvu, mkono ukikata hewa. Inho akasimama wima, mikono ubavuni, akajibu kwa ufupi.  Upepo ulipita juu ya majani, na Chizuru akajua kwamba hata kama baba atamfukuza sasa hivi, yeye Jumapili hatakaa meza ya mtu mwingine. Mwanamume yule aliyesimama kwenye nguzo, ambaye alikataa kumharibia mtu kazi hata akiwa anakitazama kilima cha kwao Chizuru, ndiye wake. Kama mipaka itafungwa tena, itafungwa. Atamngoja.

"Kampa gugu ashike," alisema Mama Pyo.

"Hiyo nzuri au mbaya?"

"Baba yangu alimpa mume wangu gunia la vitunguu abebe. Ni nzuri."

Walirudi. Inho alikuwa amebeba fungu la magugu kifuani, udongo umemchafua shati. Mzee Iwanaga alipita mbele ya wageni wote bila kumtazama yeyote, akasimama mlango wa jikoni.

"Fumie."

"Ee."

"Mpigie dada yako. Mwambie Jumapili tuna kazi."

"Kazi gani?"

"Yoyote."

Bi Fumie aliyaacha maji yakichemka, akaenda kutafuta simu. Wamama hawakujua Kijapani, lakini waliuona uso wa Chizuru, na Mama Pyo akaanza kupiga makofi, wengine wakamfuata, mpaka Bi Maeng akawakumbusha watakase mikono.

Muda uliobaki ulikwisha kama sukari kwenye chai. Kwenye mlango wa basi Inho alisimama mbele ya Chizuru, mikono mifukoni, kwa hatua ile ile ya sheria kati yao.

"Nitarudi," alisema. "Na kundi lolote litakalonipokea. Hata la watazama ndege."

"Mimi nilikukasirikia."

"Najua. Nilikuwa najikasirikia na mimi."

"Sasa sikukasirikii." Alitaka kumwambia kila kitu alichokiona kutoka barazani, lakini wamama wote walikuwa madirishani. "Ulivyosimama pale," alisema tu. "Sijawahi kuona mtu amesimama vile."

 Inho alipanda, akakaa kati ya figili na vitunguu saumu, na mikono ya watu wote ikapunga mpaka kona ikalimeza basi.

Chizuru alibaki barabarani. Baba yake alikuja kusimama kando yake, anajifuta mikono kwa taulo la shingoni.

"Baba, ulimwambia nini kule?"

"Nilimwambia alale hapa leo. Chumba kipo. Nilimwambia tutasema ameumwa tumbo, kundi litangulie, mimi nitamsemea."

"Akakataa?"

"Akakataa. Kwa Kijapani kibaya sana." Mzee alikunja taulo. "Akanieleza habari za yule mama wa kibendera. Nikamwambia, huyo si ndugu yako. Akasema, hata wewe leo bado si baba yangu, lakini siwezi kukudanganya."

Chizuru alitazama chini. Machozi yalimpita chini ya barakoa, akayaacha.

"Na angekubali?"

"Ningempa godoro alale," alisema Mzee Iwanaga. "Na Jumapili tungekwenda Takeo."

Walianza kupanda kuelekea nyumbani. Barazani vikombe vilikuwa bado vimejipanga, na mama alikuwa anasikika ndani akimweleza dada yake kwenye simu, kwa upole, kwamba ni kazi tu, ndiyo, kazi ya ghafla.

"Kwao wanataka nini mtu akitaka kuingia?" mzee aliuliza ghafla.

"Daegu?"

"Sasa wapi tena? Ana wazazi, hana? Mtu haozeshi binti kwa watu ambao hajawaona."

"Viza, baba. Na kipimo, kabla ya kwenda. Na kingine kabla ya kurudi."

"Kipimo kile cha kuchokoa pua?"

"Kile kile."

Mzee Iwanaga aliigusa pua yake, akaisugua taratibu kwa kidole gumba, akifikiri.

"Basi tutachokolewa," alisema. "Mwambie mama yako naye ajiandae."